Mchana inakwenda, usiku inaganda: kisa cha kompyuta ya gemu Jang'ombe

Dada yangu alinipigia simu Ijumaa moja ya mwishoni mwa Januari, kaskazi imeshika kweli kweli. "Njoo umsikilize mwanao," akaniambia. "Anataka kuvunja kibubu akanunue kitu cha kompyuta, na mimi sijui kama ni haki yake au anakwenda kuliwa pesa."

Mwanangu huyo ni mpwa wangu, ana miaka 21, anasoma chuo. Kibubu kilikuwa na shilingi 380,000, alizozichanga kwa kuwachapia wenzake kazi za chuo na kumsaidia mama yake biashara ya urojo. Kitu chenyewe ni kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za gemu: Radeon RX 580 iliyotumika, ameiona katika duka moja pale Mlandege, mjini Unguja, kwa laki tatu na nusu. Muuzaji kamwambia gemu zote zitakwenda. Kwa hiyo karibu akiba yote ya kijana ilikuwa iondoke kwa siku moja, na baada ya kukaa na mashine hiyo usiku nne naweza kusema bila wasiwasi kwamba shida yake ingebaki pale pale, pengine ingezidi.

Nakieleza kisa chote, pamoja na mahali nilipopotea njia, kwa sababu kila wiki naletewa kompyuta na swali lile lile: "Fundi, gemu linaganda, nitie kadi gani?" Mtu hajaniambia linaganda saa ngapi, likiwa limechezwa kwa muda gani, mashine imewekwa wapi. Anataka nimtajie kitu cha kununua. Na mafundi wengi, hata wasiokuwa na nia mbaya, wanakitaja.

Mashine na malalamiko

Ni kompyuta ya mezani iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya kabla ya kuja kwetu na kontena. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Intel Core i5-4570 ya mwaka 2013, ina koa nne (sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja), kasi yake ya kawaida ni gigahezi 3.2 na inaweza kupanda mpaka 3.6. RAM, kumbukumbu yake ya muda, ni gigabaiti 8, kipande kimoja cha aina ya DDR3. Diski ni ile ya kuzunguka. Kadi ya picha ni GeForce GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, na hapo nampa sifa yake mpwa wangu, kwa sababu alipoinunua miaka miwili nyuma aliniuliza kwanza. Kadi hiyo inakula wati 75 tu na zote inazipata kwenye tundu la madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote; haitaki waya wake wa pekee. Pawa saplai ya mashine hii, kile kisanduku kinachoigawia umeme, ni ya wati 290 na waya huo haina. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Gemu analolipenda ni GTA V, lililotoka kwa kompyuta mwezi wa Aprili 2015. Wenye gemu walipendekeza prosesa ya Core i5-3470 na kadi ya GTX 660. Prosesa ya kijana ni ya kizazi kinachofuata hicho, na kadi yake haiko chini ya hiyo. Yaani kwenye karatasi gemu lilipaswa kwenda vizuri. Hesabu hii inachukua dakika mbili, na ndiyo ya kwanza kufanya: ukijua kwamba mashine inatosha kwa kazi iliyopewa, unaacha kuuliza inapungukiwa nini, unaanza kuuliza inazuiwa na nini.

Malalamiko yake aliyasema vizuri kuliko wateja wangu wengi. "Mjomba, mchana linakwenda kama maji. Usiku nikishasali Isha nikakaa kucheza, robo saa ya mwanzo hakuna neno. Halafu linaanza kukatakata. Gari naliona hapa, nikipepesa limo ukutani."

Alikuwa ameshajaribu mengi. Alifuta Windows akaiweka upya. Aliondoa programu ya kuzuia virusi. Alishusha mipangilio yote ya picha mpaka chini kabisa, mji mzima ukawa kama umechorwa kwa chaki. Na aliweka programu mbili za zile zinazoahidi kuongeza kasi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hizo niliziondoa kabla hata sijakaa vizuri. Zinafunga programu ambazo mtu anaweza kuzifunga kwa mkono, kisha zenyewe zinabaki zikila nafasi ya RAM uliyotaka kuiokoa. Katika miaka yangu ya kazi sijaona kompyuta hata moja iliyoponywa nazo, na nimeona nyingi zilizozidishiwa ugonjwa.

Lakini ukiyatazama yote aliyoyafanya utaona kitu. Hakuna hata moja linaloweza kueleza kwa nini mchana ni salama na usiku ni taabu. Windows iliyoharibika inaharibika saa zote. Kadi dhaifu ni dhaifu asubuhi na jioni. Tofauti ya mchana na usiku ndiyo iliyokuwa ushahidi mkubwa kuliko wote, na sote wawili tuliupita, mimi pia kwa siku ya mwanzo.

Nilipokosea

Usiku wa kwanza nilidhani kuna kitu kinashushwa kwa siri kwenye intaneti, maana kijana hununua kifurushi cha usiku na Windows hupenda kujisasisha mtandao ukipatikana. Gemu lilipoanza kukwama nikafungua dirisha la kazi zinazoendelea. Mtandao kimya, diski imetulia, hakuna programu nyingine inayofanya kazi ya maana. Prosesa iko asilimia 97, na yote inakwenda kwenye gemu. Nikasema, basi, prosesa inazidiwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili naomba mwenzangu asilirudie. Kwenye dirisha lile lile, kando ya asilimia, imeandikwa kasi ambayo prosesa inakwenda nayo wakati huo. Nilitazama asilimia, kasi sikuitazama. Asilimia 97 ya prosesa iliyo kwenye gigahezi 3.4 ni kazi moja, na asilimia 97 ya prosesa iliyo kwenye 1.6 ni kazi nyingine kabisa. Punda aliyefungwa miguu naye anaonekana anajitahidi kwa nguvu zake zote.

Nikahamia kwenye umeme. Hili ni jambo la sisi watu wa visiwani, mkono wetu unakwenda huko wenyewe. Aliyekaa Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa gizani miezi mitatu, kila kitu kikiharibika nyumbani kwake atautupia umeme jicho la kwanza. Nikatoa mita yangu. Saa nne asubuhi plagi ya ukutani ilikuwa na volti 229, saa mbili na nusu usiku 186. Kawaida ni 230. Nikaona nimempata mwizi. Nilimwambia dada atafute stabilaiza ya kusawazisha umeme, nikaenda zangu kulala.

Nililala na wazo hilo likanikataa. Nyuma ya pawa saplai ya kompyuta pameandikwa inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240. Ukiipa 186 inavuta ampea zaidi ili wati zifikie zile zile, na kule ndani madabodi inapokea volti 12 bila kujua huko nje kumetokea nini. Ikizidiwa inazima kabisa au inajiwasha upya. Haiendi polepole. Friji inaumia kwa umeme mdogo, pampu ya maji inaumia, kompyuta ya namna hii ama inakwenda ama haiendi. Asubuhi nikampigia dada kumwambia asinunue stabilaiza kwa ajili ya hili. Akauliza, "Sasa wewe jana ulisema nini?" Nikamwambia jana nilikosea.

Nambari juu ya skrini

Usiku wa pili nilikwenda na flashi yenye MSI Afterburner, programu ya bure inayoandika juu ya gemu lenyewe, kwenye kona ya skrini, joto la prosesa, kasi yake, kazi ya kadi, na idadi ya fremu kwa sekunde. Ningeanza nayo ningeokoa siku nzima.

Kwa asiyezoea, fremu ni picha moja. Gemu likienda fremu 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 za kutayarishwa. Prosesa inapanga: gari liko wapi, mtu anaelekea wapi, nini kigongane na nini. Ikishapanga inaipa kadi, na kadi inachora. Mmoja akichelewa, mwenzake anasubiri. Kwa hiyo swali la maana ni nani anayesubiriwa.

Tulianza saa mbili na dakika ishirini usiku. GTA V ina jaribio lililomo ndani yake, linapita njia ile ile kila mara, nikalirudisha tena na tena ili tusidanganywe na mtaa mtupu au wenye magari mengi. Mwanzo: prosesa gigahezi 3.4, joto nyuzi 84, fremu 57. Dakika ya tisa: kasi ile ile, joto nyuzi 97. Dakika ya 13 joto likagusa 100. Na hapo hapo, mbele ya macho yetu, kasi ikashuka: 2.3, kisha 1.6, ikarudi 2.1, ikashuka tena. Fremu zikawa 24. Kijana akapiga paja. "Ndiyo hivi mjomba, ndiyo hivi!"

Kadi ya picha, ile iliyokuwa ibadilishwe kwa laki tatu na nusu, ilikuwa inafanya asilimia 41 ya kazi yake. Ilikuwa imekaa inasubiri kupewa picha za kuchora. Ili asinielewe kwa kunihishimu tu bali aone mwenyewe, nilimwambia ashushe skrini kutoka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720. Vidoto vya kuchora vinapungua kutoka 2,073,600 mpaka 921,600, chini ya nusu. Kama kadi ndiyo inayozidiwa, fremu zitaruka juu. Zilitoka 24 zikafika 25.

Jaribio hili halina gharama na linafanyika kwa sekunde thelathini. Ningependa kila kijana anayetaka kununua kadi alifanye kwanza. Ukishusha ukubwa wa picha na gemu halibadiliki, kadi haina kosa.

Nyuzi 100 ndiyo kikomo cha prosesa hii. Ikifika hapo haisubiri kuungua. Inajipunguzia kasi yenyewe, kwa sababu kasi ikipungua na umeme unaotumika unapungua, joto linashuka. Joto likishuka inajaribu kupanda tena, na ikipanda linarudi. Kukatakata kote alikokuona mpwa wangu ni kupanda na kushuka huko. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inajilinda, na inafanya kazi hiyo kwa uaminifu kila usiku.

Wakati sisi tumekodolea macho nambari, dada alikuwa mlangoni anamenya viazi vya kesho. Akasema, bila ya kuinua kichwa: "Si ile mashine ikishavuma? Inavuma kama boti ya mashine. Ikianza tu najua sasa hivi huyu ataanza kulalamika."

Alikuwa anaisikia feni ya kompyuta ikijitahidi, dakika kadhaa kabla gemu halijakwama, kwa miezi. Shahidi mzuri kuliko wote alikuwa nyumba ile ile na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu yeye hachezi gemu.

Kwa nini usiku?

Kujua ni joto hakukutosha. Nje usiku ni baridi kuliko mchana, hata kaskazi ikiwa kali. Basi kwa nini mashine ichemke usiku? Hapa ilibidi niutazame usiku wa nyumba ile badala ya kuitazama kompyuta.

Kompyuta imewekwa ndani ya kabati la televisheni, sehemu ya chini, ubao nyuma na mlango mbele. Mchana dirisha liko wazi, upepo unapita, feni ya dari inazunguka kwa nguvu zake, na mlango wa kabati kijana anauacha wazi. Magharibi dada anafunga madirisha. Ndivyo alivyolelewa na mama yetu, dirisha halibaki wazi magharibi, na isitoshe mbu wa Jang'ombe hawana huruma. Baada ya hapo watu wanne wako chumbani, televisheni inawaka juu ya kabati, mlango wa kabati unasukumwa ufungwe ili kelele isizuie taarifa ya habari. Na feni ya dari, kwa volti 186, inazunguka kivivu mpaka unaweza kuzihisabu panga zake.

Kumbe umeme ulikuwa na mkono wake, ila si pale nilipoutafuta. Haukuigusa kompyuta. Uliigusa feni ya dari.

Nilitia kipimajoto cha kawaida ndani ya kabati. Chumbani nyuzi 33, ndani ya kabati 43. Kompyuta hii ikicheza gemu inatoa joto karibu la wati 200, sawa na kuwasha taa mbili za zamani za wati 100 ndani ya kabati ukafunga mlango. Feni ya prosesa haitengenezi ubaridi, inapuliza hewa iliyoikuta. Ikiikuta hewa ya nyuzi 43 badala ya 33, prosesa nayo inapanda kwa nyuzi karibu kumi zile zile.

Ili nisikosee mara ya tatu nilifanya jaribio la kugeuza. Jumapili saa nne asubuhi, umeme uko volti 228, nilifunga dirisha, nikazima feni ya dari, nikafunga mlango wa kabati. Dakika ya 16 gemu likaanza kukatakata, mchana kweupe, umeme mzuri. Usiku wake, volti 185, kwa ruhusa ya dada tulifungua dirisha, tukaitoa kompyuta kwenye kabati tukaiweka juu ya stuli karibu na upepo. Tulicheza saa nzima. Joto lilifika 95 likasimama. Fremu 55, hazikushuka.

Kwa hiyo umeme mdogo bila joto hauna madhara, na joto bila umeme mdogo linatosha kuharibu mchezo. Jambo hilo likawa limekwisha kwangu.

Lakini nyuzi 95, karibu na dirisha, juu ya stuli, bado ni nyingi mno kwa prosesa hii. Mchana kijana alikuwa anacheza ukingoni tu bila ya kutumbukia. Palikuwa na kitu kingine ndani.

Ndani ya mashine

Jumatatu alasiri tuliifungulia uani. Kati ya feni ya prosesa na mapezi ya alumini yanayotoa joto palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Nilikivuta kwa kibano kikatoka kizima, kina alama ya mduara wa feni. Hewa ilikuwa haipiti kabisa katikati, inapita pembeni.

Vumbi letu si la kupulizika tu likaondoka. Njia ya mtaa ule haina lami, na inayoruka ni vumbi jeupe la mawe ya matumbawe, laini kama unga. Hewa ina chumvi na unyevu, na chumvi nayo inavuta maji. Juu ya hayo, kila alasiri dada anakaanga kachori na bajia za urojo pale pale uani, hatua tano kutoka kwenye dirisha la chumba. Mvuke wa mafuta unaingia ndani, unavutwa na feni, unatua kwenye mapezi, na vumbi linaganda juu yake kama linavyoganda kwenye nyavu za dirisha la jikoni. Dada alisikitika niliposema hivi, akataka kuhamisha jiko. Nilimwambia asihamishe kitu. Jiko lile ndilo lililomsomesha kijana.

Kazi yenyewe haina siri. Brashi laini ya rangi, kavu. Bloa ya umeme kutoka upenuni, feni imeshikwa kwa kidole isizunguke, maana ukiiacha izunguke kwa upepo wa bloa inaweza kuumia beringi, na mota yake inazalisha umeme unaorudi kwenye madabodi. Mapezi niliyaosha kwa spiriti kwa sababu ya mafuta. Chini yake, pesti ya joto ilikuwa imekauka imekuwa unga, ya tangu mashine ilipotoka kiwandani. Kazi ya pesti ni kujaza vinyweleo kati ya prosesa na chuma kinachoipoza, hewa isikae hapo. Niliifuta yote, nikatia mpya kiasi cha punje ya mchele, nikakaza skrubu kwa kukatiza, moja ya huku kisha ya upande wa pili, ili chuma kikae sawa. Nilimwachia kijana akaze mbili za mwisho.

Pesti ilikuwa shilingi 12,000. Usiku huo tukairudisha kompyuta kabatini, tukafunga dirisha, tukafunga mlango, volti 187, kila kitu kama usiku wa malalamiko. Joto lilifika 83 halikupita. Kasi 3.4 mwanzo mpaka mwisho. Fremu 58 kwa wastani, na ya chini kabisa 41. Mashine haikuvuma. Dada alikuja mlangoni kuuliza mbona kimya, mmeacha kucheza?

Kilichobakia

Baada ya hapo ndipo palipokuwa na maana ya kununua, na tulinunua viwili.

Cha kwanza RAM. Kipande kimoja cha DDR3 ya 1600 kinapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili vikikaa kwenye matundu yao ya jozi prosesa inavisoma kwa pamoja, inakuwa 25.6. Tulipata kipande kingine cha gigabaiti 8 kilichotumika, shilingi 40,000. Meno yake ya shaba yalikuwa na weusi wa chumvi, nikayasugua kwa raba nyeupe ya skuli kabla ya kukitia. Wastani ulipanda mpaka 63, lakini iliyomfurahisha zaidi ni ile fremu ya chini kabisa, iliyotoka 41 ikafika 49. Mchezaji anaumizwa na kile kituo kimoja cha ghafla katikati ya kona. Wastani mzuri haumsaidii hapo.

Cha pili SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, na hapa nilimwambia wazi asitegemee fremu. Haiongezi fremu. Kufungua gemu kulikuwa kunachukua dakika mbili na sekunde ishirini, kukawa sekunde hamsini, na vile vikwazo vidogo akiendesha gari kwa kasi mjini vikapungua, maana gemu linausoma mji kutoka kwenye diski kadiri unavyosonga. Faida yake kubwa ameiona kwenye kazi zake za chuo.

Mipangilio tuliipanga upya. Alikuwa amebana vitu visivyomgharimu na kuacha vinavyomgharimu. Ubora wa sura za kuta na ardhi nilimpandishia, kwa sababu unakaa kwenye kumbukumbu ya kadi na gigabaiti 4 zinatosha. Majani nikayashusha. Ule ulainishaji wa kingo unaoitwa MSAA nikauzima. Idadi ya watu na magari mjini, ambayo ni kazi ya prosesa, nikaipunguza mpaka nusu. Gemu sasa ni zuri kwa macho kuliko lilivyokuwa, na linakwenda haraka zaidi.

Na ile kadi? RX 580 inakula wati 185 na inataka waya wa pini nane ambao pawa saplai ya mashine hii haina. Kubadilisha pawa saplai si rahisi pia, kwa sababu madabodi hii ya ofisi ina plagi yake ya umeme isiyofanana na za kawaida. Tuseme angevipita vikwazo vyote hivyo. Angekuwa ameongeza wati 110 za joto ndani ya kabati lile lile, juu ya prosesa iliyokuwa tayari inakosa pumzi chini ya blanketi la vumbi. Nilipomwonesha hesabu hiyo alinyamaza muda, kisha akasema, "Mjomba, ningelia."

Moja sijalitatua. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi hiki haimo katika orodha ya Windows 11. Kwa gemu la kuchezwa peke yake nyumbani si dharura. Kwa mashine hiyo hiyo inayofungua barua za chuo na flashi za kila mtu ni jambo la kukaa nalo, na tumekubaliana pesa iliyobaki kibubuni isiguswe mpaka tuamue.

Kompyuta imetoka kabatini moja kwa moja. Iko juu ya meza ndogo, nyuma yake pana uwazi wa shubiri moja kutoka ukutani. Fundi seremala ametia wavu wa mbu kwenye dirisha. Dada bado anafunga magharibi, akishasali Isha analifungua mwenyewe. Kwa upepo huo joto linasimama kwenye 72. Na kwenye kifuniko cha mashine, kwa ndani, kijana ameandika kwa kalamu ya wino siku za kuifungua na kuisafisha: mwisho wa Mei masika yakikatika, na mwisho wa Novemba kabla kaskazi haijaingia.